Taka Ngumu, Utupaji na Dampo: Uhakiki wa Istilahi Chache

Makala haya yamekusudiwa kuzihakiki istilahi chache zitumikazo katika matangazo, sheria ndogo na mafunzo yanayohusu taka na uchafuzi wa ardhi. Sikuzichagua kwa kuwa ni mbovu kupita nyingine. Nimezichagua kwa sababu ni miongoni mwa istilahi ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kutozwa faini kwazo. Hakuna mtu aliyepata kuitwa na serikali ya mtaa kwa kutojua maana ya kitenzi kishirikishi. Lakini kwa "kutupa taka" mtu huitwa, na mambo yakishafika hapo maana ya kitenzi "kutupa" haiwezi tena kuwa shughuli ya wanaisimu peke yao.

Suala lenyewe lilinijia Kilakala. Kilakala ni kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini kabisa ya Milima ya Uluguru, na nyumba zake nyingi zimejengwa katika mteremko. Asubuhi moja jirani yangu, mama mtu mzima, aliweka kiroba cha taka kando ya njia akingoja gari la taka lipite. Gari halikupita siku hiyo. Kesho yake wakaja vijana waliopewa kazi ya ukaguzi, wakamwambia kwamba ametupa taka mahali pasiporuhusiwa. Yule mama akawajibu, "Wanangu, mimi sikutupa. Nimeweka." Mmoja wao akamwambia kwa upole, "Mama, kiroba kiko njiani nawe uko ndani. Huko ndiko kutupa." Akamwonyesha na kibao kilichokuwa karibu, kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. Mama akasema kwamba mtu aliyetupa kitu haendelei kukichungulia dirishani, naye tangu jana anakichungulia kiroba chake mbwa wasije wakakipasua. Vijana walicheka, na faini ikaandikwa.

Mimi niliona kwamba yule mama alikuwa sahihi kwa Kiswahili, na vijana walikuwa sahihi kwa kibao. Jambo hilo halipendezi.

Tukitazame kitenzi chenyewe. "Tupa" kina maana mbili zinazokwenda pamoja: mwendo wa mkono, na kuachana na kitu. Maana hii ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Mtu humtupa mzazi wake bila ya kumnyanyua. Mila hutupwa, ndugu hutupwa, na wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake. Katika matumizi yote hayo habari huishia kwa mtupaji. Kilichotupwa kinakwenda wapi, kinamwangukia nani, kinafanya nini huko kilikoangukia, kitenzi hakisemi wala hakiulizi. Kwa hiyo ni kitenzi kizuri sana cha kutajia kosa: mtu ameachana na kitu asijali hatima yake.

Sasa, kitenzi hicho hicho ndicho kilichotumika kuunda jina la huduma. Ankara huandikwa "ada ya utupaji taka". Mipango huzungumzia "utupaji salama wa taka". Vitabu vya shule vina mada ya "njia za kutupa taka". Dhana inayokusudiwa hapo ni kinyume cha ile ya kibao. Inakusudiwa kazi ya mwisho inayofanywa kwa taka ili zisimdhuru mtu yeyote: kuzifukia, kuziozesha, kuzichoma katika tanuru, kuzifungia mahali. Mwananchi basi husoma kwenye kibao kwamba kutupa ni marufuku, akarudi nyumbani akakuta ankara inayomdai malipo ya kutupa. Akiyachukua maneno kama yalivyo, anachokatazwa ndicho anachotozwa ada ili kifanyike.

Nafahamu jibu litakalotolewa, kwamba muktadha humaliza utata. Katika miji iliyo tambarare pengine humaliza. Pale Kilakala, mwenye nyumba aliye juu ya korongo akimwaga taka zake korongoni usiku wa masika, asubuhi hazioni. Mvua ya Uluguru imezichukua. Kwa mizani ya neno "utupaji" kazi imefanyika, tena salama, kwa kuwa yeye hana taka tena. Lakini vijito vya upande huu hushuka kupita mjini na kuingia katika Mto Ngerengere. Ngerengere huingia katika Ruvu. Na Ruvu ndio mto unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Kilichotupwa Kilakala kimepelekwa, na neno tulilompa mtupaji halikumwambia hivyo.

Pendekezo langu ni dogo. "Kutupa taka" libaki kuwa jina la kosa tu. Kazi ya gari la manispaa iitwe "kuzoa" au "kuondosha", na ada iwe ya uzoaji, jina ambalo wananchi tayari wanalo. Hatua ya mwisho isitafutiwe neno moja la jumla, bali itajwe kwa kitendo chenyewe: kufukia, kuozesha, kuchoma tanuruni. Wako wenzetu waliopendelea "uteketezaji" liwe neno la jumla, nami silikubali. Kuteketeza kwa watu wengi ni kutia moto, na tukiwaambia wananchi wateketeze taka tutavuna moshi wa plastiki kila jioni. Nilipata kulifikiria pia neno "uhitimishaji", nikaliacha upesi. Mtu angedhani taka zinafanyiwa mahafali.

Istilahi ya pili ni "taka ngumu". Kila mtu huisikia, na ni wachache wanaoweza kuieleza. Asili yake ni Kiingereza, ambako sifa iliyowekwa kwenye taka ni ile ya hali ya maada. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba hali hizo ni yabisi, kimiminika na gesi. Vitabu vingine hutumia "mango" mahali pa "yabisi". Aliyetafsiri hakwenda kwenye sayansi. Alichukua sifa ya kawaida ya kitu kisichobonyea, na matokeo yake ganda la ndizi mbivu, makombo ya ugali na nyanya zilizooza vyote vikawa "taka ngumu". Katika mkutano mmoja wa mtaa nilimsikia mzee akiuliza kwa dhati kabisa kama maembe yaliyooza yaingie kwenye kiroba cha taka ngumu au yabaki nje. Alijibiwa kwamba hayo pia ni magumu. Hakubisha, ila sidhani kama alielewa, na sioni kwa nini angeelewa.

Yawezekana kusahihisha kwa kusema "taka yabisi". Hilo lingelingana na vitabu vya sayansi, lakini neno "yabisi" nje ya darasa linajulikana zaidi katika maradhi ya baridi yabisi, na mzee yule angetoka mkutanoni akishika goti. Ipo njia fupi zaidi. Kiswahili tayari kimekwisha kuziondoa taka za kimiminika katika kundi hili kwa kuziundia neno lake, "majitaka", ambalo limeenea, tena ni zuri. Maji yakishaondolewa, yaliyosalia ni taka. Sifa haihitajiki. Pale sheria inapohitaji mipaka kamili, iiweke katika kifungu cha fasili kama ifanyavyo kwa maneno mengine. Isimbebeshe sifa hiyo mwenye kiroba.

Nikishalisema hilo, yafaa niseme pia kwamba hata neno "taka" lenyewe tumelipanua kuliko lilivyokuwa. Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi kuliko zote nilizozitaja, na wasomaji waniwie radhi nikikaa hapa kidogo.

Lugha yetu haikuwa na mazoea ya kukiita kila kibakicho kuwa ni taka. Mahindi yakikobolewa hubaki pumba. Yakipukuchuliwa hubaki magunzi. Mpunga ukitwangwa na kupepetwa hubaki makapi. Nazi ikifuliwa hubaki makumbi, ikikunwa hubaki kifuu, ikikamuliwa hubaki machicha. Alizeti na pamba zikikamuliwa mafuta hubaki mashudu. Seremala akipiga randa hubakiza maranda. Chakula kikisalia ni makombo; nguo, sufuria na baiskeli iliyochoka ni chakavu. Mkaa ukiisha gunia hubaki chenga. Kila jina katika haya lina mtu wa pili ndani yake. Pumba ni za kuku na nguruwe. Mashudu ni ya ng'ombe. Makumbi ni ya msokota kamba. Kifuu ni cha upawa au cha moto. Magunzi ni ya jiko. Maranda huwekwa bandani. Chenga hufinyangwa pamoja na udongo zikawashwa tena. Mtu aliyefundishwa majina hayo amefundishwa papo hapo kitu kiende wapi, pasipo semina.

Tukamletea "taka ngumu", na ndani yake tukavitia vyote hivyo. Baadaye tukagundua kwamba vimechanganyika, tukaanza kumfundisha "utenganishaji wa taka katika chanzo". Kisha tukampa na "urejelezaji". Sina ugomvi na neno "urejelezaji"; limeundwa kwa kanuni na linafaa viwandani. Lakini kijana anayepita Kilakala na mkokoteni akiuliza "Kuna vyuma chakavu?" hakuhitaji kuambiwa kwamba anarejeleza. Sifa ile "chakavu" inamwambia mwenye nyumba kwamba kitu kimechoka ila thamani yake haijakwisha, na ndiyo maana mwenye nyumba hukitoa kwa bei wala hakitupi. Ningependa kuona sheria ndogo moja tu inayoanza kwa kutaja pumba, maganda, makombo na vyuma chakavu kwa majina yao, ikasema kwamba hivi si taka mpaka vichanganywe, kisha ndipo ishughulike na vilivyosalia.

Na vilivyosalia, tukiwa wakweli, ni vile ambavyo lugha haikuvipa jina la mabaki kwa sababu havikuwako. Plastiki ni mfano. Mfuko mwembamba wa plastiki ulipoenea Tanzania watu waliuita "rambo", kwa jina la mtu wa sinema aliyechorwa juu yake; Wakenya wakauita "juala". Rambo halikutaja kitu kimetengenezwa na nini wala kiende wapi kikishachakaa. Mfuko uliochanika haukuwa na jina jipya, kama kifuu kinavyopata jina nazi ikiisha. Ulibaki rambo njiani, rambo mtini, rambo korongoni.

Tarehe 1 Juni 2019 matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yalipigwa marufuku Tanzania Bara, na hapo ikaonekana wazi uzito wa istilahi. Marufuku ilihusu "mifuko". "Vifungashio" vya bidhaa kama vile za viwandani na za kilimo vilisamehewa. Haukupita muda mrefu kabla ya sokoni kuonekana vijaluba vyepesi vya plastiki visivyo na mikono wala maandishi, vikibebea nyanya, dagaa na mkaa. Muuzaji akiulizwa alijibu kwamba huo si mfuko, ni kifungashio. Kwa umbo alikuwa na hoja, maana mfuko tuliozoea una mikono. Kwa kazi hakuwa na hoja, maana kufungasha ni kazi ya mzalishaji kabla ya bidhaa kufika sokoni, na kubeba ni kazi ya mnunuzi baadaye. Tofauti ya maneno haya mawili ingekuwa imeandikwa kwa kazi badala ya umbo, mjadala huo wa sokoni usingekuwako. Serikali ililazimika baadaye kutoa maelekezo ya kubainisha kifungashio ni kipi.

Nije sasa kwenye mahali pa taka. Utaratibu wa Baraza katika kutafuta istilahi unafahamika kwa wasomaji wa jarida hili: kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe na lahaja zake, halafu lugha nyingine za Kibantu, ndipo lugha za kigeni. Kwa mahali pa taka Kiswahili kilikuwa na "jaa" na "jalala". Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo "jaa", na hata leo pwani hulisikia. Pamoja na hayo, neno lililoshinda bara na mijini ni "dampo". Baadhi ya wapenzi wa lugha hulisikitikia. Mimi silisikitikii sana. Jaa ni la mtaa: la majivu, fagio na kuku wanaochakura. Rundo la taka za mji mzima ni kitu kingine, na watu walilipa jina jingine. Dampo linasema kweli kuhusu kitu chenyewe: mahali ambapo magari huja yakamwaga, yakaondoka.

Linaloniudhi ni "dampo la kisasa". Hili limetumika kutajia mahali palipochimbwa na kutandikwa tabaka lisilopitisha maji, ambapo taka hupangwa, hushindiliwa na kufunikwa udongo, na maji yanayochujuka chini hukusanywa. Mahali pa namna hiyo si dampo. Kuliita dampo la kisasa ni sawa na kuiita hospitali kilinge cha kisasa. Napendekeza "fukio", kutokana na kufukia, kwa njia ile ile iliyotupa "kimbilio" na "tegemeo". Neno ni fupi, linaeleweka hata kwa asiyewahi kulisikia, na linataja kitendo kinacholifanya liwe vile: kufukia.

Msomaji atauliza kama kuna faida yoyote ya kuwa na majina mawili. Majirani zetu wa Uganda wanatupa jibu. Mahali pa taka pa Kiteezi, karibu na Kampala, palifunguliwa mwaka 1996 pakiwa pamejengwa kitaalamu. Miaka ilivyopita pakajaa, na rundo likaendelea kupanda. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, liliporomoka juu ya nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa istilahi zetu za sasa Kiteezi kilikuwa dampo la kisasa siku ya kwanza na dampo la kisasa siku ya mwisho, kwa kuwa usasa ni wa ujenzi, haufutiki kwa kuacha kazi. Lakini fukio ambalo halifukiwi tena si fukio. Mkazi wa jirani, mwandishi wa habari au diwani angeweza kusema sentensi fupi: hapa palikuwa fukio, sasa ni dampo. Hilo ni shtaka linalotoshea katika maneno machache, na lugha iliyo na uwezo wa kulisema inampa mwananchi kitu cha kusimamia.

Wananchi wetu wamewahi kusimama. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi, harufu na nzi wa mahali taka za jiji zilipokuwa zikimwagwa. Mahakama ikaamuru kazi hiyo ikome. Halmashauri iliomba kuongezewa muda tena na tena, hata Jaji Lugakingira akaikatalia, akishangaa kwamba chombo cha umma kinakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walifungua shauri lao, wakashinda. Hukumu hizi husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Ziliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya Mahakama Kuu, na wengi wa wale waliozipigania hawakuweza kuzisoma bila ya msaada. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, na kanuni zake, pamoja na sheria ndogo za manispaa, zote ni maandishi ambayo istilahi zake zitabeba adhabu. Neno likishakaa katika kifungu cha sheria huwa gumu kuling'oa. Ndiyo sababu ya haraka yangu.

Limebaki neno "uchafuzi wa ardhi". Nalionea shaka kwa pande zake zote mbili.

"Ardhi" katika Kiswahili cha Tanzania ni zaidi ya udongo. Ni mali, ni mipaka, ni hati, ni kesi. Katika Uluguru, ambako mashamba hufuata ukoo wa mama, ukiitisha mkutano juu ya ardhi watakuja waliokusudia kudai shamba. Wazee wanakumbuka pia, kwa kusimuliwa kama si kwa kushuhudia, mpango wa matumizi ya ardhi wa wakoloni ulioanza 1950, uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, ukaishia katika ghasia za Matombo za mwaka 1955. Nia ya kuhifadhi mteremko haikuwa mbaya yote. Lakini ilikuja kwa amri na faini, na maneno yake yakanuka amri na faini. Anayetaka kuzungumzia sumu iliyoingia udongoni aseme "udongo". "Uchafuzi wa udongo" haumtishi mtu kunyang'anywa shamba.

Upande wa pili ni "uchafuzi". Uchafu kwa kawaida huonekana, na husafishwa. Mtoto hujichafua, huogeshwa. Gereji zetu huuza "oili chafu", nayo hununuliwa na kupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa. Uchafu wake hapo maana yake ni kwamba imekwisha kutumika. Neno la namna hii ni dhaifu mno kwa kitu kisichoonekana, kisichonuka, na kisichotoka udongoni kwa kufagiwa. Fundi wa betri humwaga nje kile anachokiita "maji ya betri", na nani atazuia mtu kumwaga maji? Kile ni tindikali iliyobeba madini ya risasi. Natamani mabwana afya wawe wa kwanza kuacha kusema "maji ya betri", maana kila wanapolitumia wanampa fundi udhuru.

Na hiyo "risasi" nayo ina tatizo lake. Kiswahili hutumia neno moja kwa madini na kwa kile kitokacho kwenye bunduki. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kuhusu dampo la Dandora, Nairobi: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi kwa madini hayo hayo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Jaribu kuandika habari hizo kwa sentensi fupi ya gazeti, "Watoto wakutwa na risasi mwilini", uone msomaji atakavyoelewa. Pendekezo hapa ni jepesi: katika mambo ya afya na mazingira iandikwe daima "madini ya risasi" au "sumu ya risasi", isiandikwe "risasi" tupu. Haligharimu kitu.

Istilahi moja nzuri nisiipite kimya, ili nisionekane mchimvi. "Taka hatarishi" ni sahihi: ni taka zinazohatarisha. Walioiharibu ni wale wanaoiazima na kusema "makundi hatarishi" wakimaanisha watu walio hatarini. Yatima hamhatarishi mtu.

Msomaji asidhani kwamba napigania Kiswahili kirahisi kwa kila hali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilikuwa na mambo mengi ya kitaalamu ndani yake, ya minyoo, kichocho na malaria, na bado watu walitoka wakachimba vyoo. Ilifundisha kwa vitendo vyenye majina. Katika miaka hiyo kila kaya ilitazamiwa kuwa na choo, kichanja cha vyombo na shimo la taka. Shimo la taka! Jina hilo lilikuwa na mahali, lilikuwa na kina, na kila mtu alijua mwisho wake: likijaa hufukiwa, likachimbwa jingine, na juu ya la zamani hupandwa mgomba. Lilifaa kwa sababu vilivyoingia vilioza. Leo mgomba wa Kilakala hauwezi kustawi juu ya chupa na nepi, na viwanja ni vidogo, wala siwashauri watu warudi huko. Nalitaja kwa kuwa ni istilahi iliyompa mtu kazi ya kufanya na ikamwambia imekwisha lini.

Neno moja limenishinda, nami nalileta kwa wasomaji. Mvua ikinyesha juu ya rundo la taka, maji hupenya, yakachukua kila kiyeyukacho, yakatokea chini yakiwa meusi na mazito, yakaelekea kwenye kisima au kijito. Hayo si "majitaka", kwa kuwa hayakutoka chooni wala jikoni. "Maji ya taka" yatachanganywa na majitaka siku hiyo hiyo. "Mchujo" limekwisha kuchukuliwa na mitihani na kura za vyama. Nimesikia mtu akisema "jasho la dampo", na nikiri kwamba nimelipenda, ila sijui kama lingevumiliwa katika kifungu cha sheria. Wasomaji wa Pemba, Lamu, Kigoma, Bukavu na kwingineko, ambako pengine wavuja-chumvi, wapika pombe au wachuja magadi wana neno la maji yanayotoka chini ya kitu kilicholoweshwa, wanaombwa waliandike na kulileta.